Bwawa la kuogelea la nyumbani wakati wa masika na kipupwe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mabwawa ya wazi ya nyumbani, ya zege, vigae au faibaglasi, kuanzia Dar es Salaam na Zanzibar hadi Mombasa na Malindi. Wa nyanda za juu wana sehemu yao huko chini.

Kuanzia Machi hadi Agosti hakuna anayeogelea nyumbani. Naweza kulifunga bwawa kama wafanyavyo Ulaya?

Hapana. Ulaya na Marekani ya kaskazini hufunga bwawa kwa sababu maji hupoa hadi mwani, ule ukijani unaoota majini, unakaribia kulala, na baridi ikizidi maji huganda na kupasua mabomba. Pwani yetu maji ya bwawa hubaki vuguvugu hata Julai, na jua linapiga kila mawingu yakiachia. Waogaji wamepumzika, mwani haujapumzika. Kinachopungua kipindi hiki ni jasho, mafuta ya ngozi na mchanga wa miguuni, kwa hiyo kazi inapungua, lakini haiishi. Ukiliacha bwawa bila klorini katikati ya Aprili, siku nne au tano zinatosha liwe la kijani.

Si nafuu kutoa maji yote na kuliacha tupu hadi Septemba?

Hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote, na hufanywa zaidi masika, wakati ambao ni wa hatari zaidi.

Bwawa limekaa ndani ya ardhi. Mvua ikinyesha wiki kadhaa, maji ya ardhini hupanda, na maeneo ya chini ya Dar es Salaam kama Mikocheni na Msasani hupanda mpaka karibu na uso wa ardhi. Maji hayo yanasukuma sakafu ya bwawa kwenda juu. Kila mita 1 ya kina cha maji ya ardhini juu ya usawa wa sakafu husukuma kwa nguvu ya takriban tani 1 kwa kila mita ya mraba. Bwawa la mita 8 kwa 4 lina sakafu ya mita za mraba 32, kwa hiyo nguvu hiyo ni tani 32. Bwawa likiwa limejaa, uzito wa maji yake unaikabili nguvu hiyo. Likiwa tupu, hakuna kinachoikabili isipokuwa uzito wa zege lenyewe. Sakafu hupasuka katikati, au bwawa zima huinuka na kukata mabomba. La faibaglasi huelea kama mtumbwi.

Mabwawa yaliyojengwa vizuri yana valvu ndogo ya kupunguza msukumo ndani ya shimo la kutolea maji sakafuni, ambayo hufunguka maji ya nje yakizidi ya ndani. Usiitegemee peke yake. Chembe za mchanga huikwamisha, na huwezi kujua imekwama mpaka siku unayoihitaji.

Hata pasipokuwa na maji ya ardhini, jua likipiga kuta zilizozoea kulowa, lipu hupasuka nyufa nyembamba na vigae huachia. Kama ni lazima utoe maji kwa ukarabati, subiri kiangazi cha Januari na Februari, na kwanza chungulia kisima kilicho karibu uone maji yako kina gani. Kama usawa wake uko juu ya sakafu ya bwawa, usitoe.

Nitajuaje bwawa langu lina maji kiasi gani?

Zidisha urefu kwa upana kwa wastani wa kina. Wastani wa kina ni upande wa kina kifupi jumlisha upande wa kina kirefu, gawa kwa mbili. Bwawa la mita 8 × 4, kina 1.0 hadi 1.8, lina 8 × 4 × 1.4 = mita za ujazo 44.8, yaani kama lita 45,000. Vipimo vyote hapa chini ni vya bwawa hilo. La kwako likiwa nusu yake, tumia nusu. Andika namba hiyo ukutani kwenye chumba cha pampu, kwa sababu dawa nyingi hupotea kwa watu kukadiria kwa macho.

Nishikilie viwango gani wakati haliogelewi?

Klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kufanya kazi, miligramu 2 hadi 4 kwa lita. pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ya maji, 7.2 hadi 7.6. Ualkali, yaani uwezo wa maji kuishikilia pH isiyumbe, 80 hadi 120. Asidi ya sianuriki, ambayo huikinga klorini na jua na wauzaji huiita stabilaiza, 30 hadi 50. Bwawa la lipu lisikose pia ugumu wa kalsiamu wa 200 au zaidi, la sivyo maji huanza kula saruji na ukuta hukwaruza kama msasa.

Klorini na pH pima mara 2 kwa wiki, na kila baada ya mvua kubwa. Hivyo vingine mara 1 kwa mwezi vinatosha.

Klorini niweke kiasi gani, na saa ngapi?

Kwa lita 45,000, gramu 70 za klorini ya unga ya asilimia 65 hupandisha kipimo kwa miligramu 1 kwa lita. Bwawa la wazi lenye stabilaiza ya kutosha hupoteza kama miligramu 1 hadi 2 kwa siku, nyingi zikiwa kwa jua. Hiyo ni gramu 70 hadi 140 kwa siku, chini kidogo siku za mawingu. Kuweka kidogo kidogo kila jioni ya pili ni bora kuliko kumwaga kilo nzima Jumamosi, maana ifikapo Jumatano hakuna kilichobaki.

Weka jua likishatua. Bila stabilaiza, jua la mchana huua nusu ya klorini ndani ya muda usiofika saa moja.

Koroga unga kwenye ndoo iliyokwisha kujaa maji. Tanguliza maji, kisha dawa, kamwe si kinyume chake. Acha vumbi jeupe litulie chini ya ndoo, kisha mimina maji ya juu mbele ya mdomo unaorudisha maji bwawani huku pampu ikiendelea. Ukimwaga mashapo yale sakafuni, yataacha alama nyeupe kwenye vigae vya rangi.

Nitumie unga au tembe?

Tembe ni rahisi kwa nyumba isiyo na mtu kila siku, kwa sababu huyeyuka polepole ndani ya chombo kinachoelea. Tembe 3 za gramu 200 kwa wiki hulitosha bwawa la lita 45,000. Ila kila tembe inaleta stabilaiza yake: tembe 3 kwa wiki huongeza kama miligramu 7 kwa lita, na baada ya wiki 10 umeongeza 70. Stabilaiza ikizidi, klorini inaonekana kwenye kipimo lakini haiui mwani, na hakuna dawa ya kawaida ya kuipunguza zaidi ya kutoa maji. Mvua husaidia kuipunguza, kwa hiyo masika ndio msimu unaozifaa tembe. Kiangazi rudi kwenye unga. Tembe pia hushusha pH, basi ipime mara kwa mara.

Tafadhali zingatia hili: ule unga wa klorini (ni wa kalsiamu) na tembe visigusane kamwe. Usivichanganye ndoo moja, usitumie kijiko kimoja, usiweke unga kwenye chombo kilichokuwa na tembe. Vikikutana, hasa na unyevu kidogo, vinaweza kuwaka au kulipuka. Asidi ikikutana na chochote kati ya hivyo viwili hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Weka kila kimoja mbali na kingine, mahali pakavu penye hewa, mbali na petroli ya jenereta na pasipofikiwa na watoto.

Nimeweka klorini nyingi jana, lakini kipimo hakionyeshi rangi kabisa. Kwa nini?

Mara nyingi klorini imezidi, si kwamba haipo. Kipimo cha rangi ya waridi hupaushwa na klorini yenyewe ikipita kama miligramu 10. Tazama kwa makini unapodondosha dawa ya kupimia: waridi hutokea kwa sekunde moja kisha hupotea. Ukiliona hilo, changanya sehemu 1 ya maji ya bwawa na sehemu 4 za maji ya kunywa ya chupa, pima tena, zidisha jibu kwa 5. Watu wengi huongeza dawa juu ya dawa kwa kutojua jambo hili.

Mvua kubwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi nianze na nini?

Anza na usawa wa maji. Milimita 100 za mvua kwenye bwawa la mita za mraba 32 ni lita 3,200. Aprili ya kawaida Dar es Salaam huleta zaidi ya milimita 200, yaani zaidi ya lita 6,400, moja ya saba ya bwawa zima. Maji yakifunika mdomo wote wa skima, lile tundu la ukutani linalovuta uchafu wa juu ya maji, majani hayavutwi tena, yanazunguka juu mpaka yalowe na kuzama. Zima pampu, geuza valvu ya filta kwenye njia ya kutupa maji nje, washa, na punguza mpaka maji yafike katikati ya mdomo wa skima. Peleka maji hayo mtaroni, si kwenye msingi wa nyumba wala kwa jirani.

Kisha opoa majani kwa wavu kabla hujaweka dawa yoyote. Klorini ukiiweka juu ya majani, inaishia kwenye majani.

Halafu pima. Mvua yenyewe haina ualkali karibu wowote, kwa hiyo husukuma kipimo chini, na ualkali ukishuka chini ya 80 pH huanza kuruka ovyo. Gramu 750 za bikaboneti ya sodiamu hupandisha ualkali kwa 10. Hii si hamira ya unga, iliyochanganywa na asidi kavu na wanga. Soma pakiti. Ipandishe mara mbili au tatu kwa siku tofauti badala ya kuimwaga yote kwa mkupuo.

Jioni weka klorini, gramu 200 hadi 300 juu ya kiasi cha kawaida, na acha pampu ifanye kazi usiku huo.

Mvua inayoanguka moja kwa moja bwawani si adui mkubwa. Adui ni maji yanayotiririka kutoka bustanini na kwenye paa, kwa sababu yanakuja na udongo, samadi na mbolea, vyakula hasa vya mwani. Tuta dogo la saruji la sentimita 5 kuzunguka ukingo upande wa bustani, au mfereji mdogo wa kokoto, hukuokolea dawa nyingi kuliko kitu kingine chochote unachoweza kununua dukani.

Pampu iendeshwe kwa muda wa saa ngapi kila siku? Umeme unakula uniti nyingi.

Pampu inayosukuma mita za ujazo 11 kwa saa huzungusha lita 45,000 kwa saa 4 na dakika chache. Mzunguko 1 kwa siku unatosha bwawa lisiloogelewa. Pampu ya kilowati 0.75 kwa saa 4 hula uniti 3. Chini ya hapo usishuke, kwa sababu klorini isiyozungushwa hubaki upande mmoja na mwani huanzia kwenye ngazi na pembe. Siku za mvua ongeza hadi saa 6 au 8. Zile saa 4 za kawaida unaweza kuzigawa, muda wa saa mbili asubuhi mapema na muda wa saa mbili baada ya kuweka dawa jioni.

Radi ikianza, zima pampu na chomoa saa yake ya kujiwasha.

Filta ya mchanga niioshe lini?

Tazama geji, si kalenda. Andika msukumo wake filta ikiwa safi. Ukipanda kwa baa 0.5 hadi 0.7, ioshe: zima pampu, geuza mkono wa valvu kwenye kuosha, washa dakika 2 hadi 3 mpaka kioo kidogo kionyeshe maji meupe, zima, geuza kwenye kusuuza, washa nusu dakika, zima, rudisha kwenye kuchuja. Kugeuza mkono huo pampu ikiwa inazunguka hukata mpira wa ndani, na kuanzia siku hiyo maji yanavuja kwenda nje bila wewe kuona, unashangaa tu bwawa linapungua.

Kuosha kupita kiasi nako kuna hasara. Mchanga wenye uchafu kidogo huchuja vizuri kuliko uliooshwa jana.

Nilifunike kwa turubai?

Wavu mwepesi wa kuzuia majani, ndiyo, hasa kama juu yake kuna mwarobaini, mwembe au miashoki. Turubai la kawaida la plastiki hatulipendekezi. Masika hujaa maji juu yake, mbu huzaa humo, na uzito hulivuta mpaka katikati. Zaidi ya yote, mtoto akikanyaga turubai lililolegea huviringishwa nalo, na aliye nje haoni kitu. Uzio wenye urefu usiopungua mita 1.2 na geti linalojifunga lenyewe ndiyo kinga ya kweli, na miezi isiyo na waogaji ndiyo hasa inayouhitaji, kwa kuwa hakuna mtu mzima anayekaa karibu na maji.

Limeshakuwa la kijani. Nifanye nini?

Kwanza, kama huoni sakafu, asiingie mtu yeyote, hata fundi wa kupiga brashi. Fanya kazi ukiwa ukingoni.

Opoa kila kinachoopolewa. Shusha pH hadi 7.2, maana klorini hufanya kazi vizuri hapo kuliko kwenye 8. Kwa asidi ya hidrokloriki ya asilimia 32 au 33, anza na mililita 300 zilizomiminwa taratibu kwenye ndoo ya maji, pima tena baada ya saa 4, kisha ongeza. Vaa glavu na miwani, simama upande upepo unakotoka.

Sasa klorini. Kiwango cha kuua mwani hutegemea stabilaiza: lenga asilimia 40 ya kipimo chake. Stabilaiza ikiwa 40, unahitaji klorini 16, yaani kilo 1.1 ya unga wa asilimia 65. Weka jioni, na pampu izunguke saa 24 bila kukoma. Asubuhi pima. Itakuwa imeshuka sana, rudisha kwenye 16. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa kuweka mara moja kisha kusubiri muujiza.

Piga brashi kuta zote kila siku, kuanzia mstari wa maji kushuka. Ukuta unaweza kuonekana safi, lakini pitisha brashi mara moja nyuma ya ngazi na utaona wingu la kijani likinyanyuka. Mwani ule umekaa chini ya ukoga wake, na klorini haiufikii mpaka uupasue kwa brashi. Osha filta kila geji inapopanda, hata mara 3 kwa siku.

Maji yatatoka kijani, yatakuwa rangi ya maziwa yenye kijivu, kisha yatang'aa. Umemaliza pale klorini inapopungua kwa miligramu 1 tu au chini ya hapo kutoka usiku hadi alfajiri. Ukiacha kabla ya hapo, kijani kinarudi ndani ya wiki.

Yakikwama kwenye kijivu, shabu inasaidia. Kilo 2 zilizoyeyushwa kwenye ndoo, zisambazwe juu ya maji pH ikiwa kama 7.2 hadi 7.4, pampu izunguke kwa saa 1 maji yakiwa hayapiti ndani ya filta, kisha zima usiku mzima. Asubuhi uchafu umelala sakafuni kama uji mwepesi. Unyonye taratibu kwa bomba ukiutupa nje moja kwa moja, usiupitishe kwenye filta, utaganda na mchanga. Pima ualkali baadaye, shabu huula.

Mbu na vyura?

Yai la mbu kwenye joto la pwani linakuwa mbu anayeruka kwa siku 7 hadi 14. Maji yenye klorini yanayozungushwa kila siku hayawapi nafasi, ila kagua kikapu cha skima, ndoo tupu, na maji yaliyotuama juu ya vifuniko. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi 2014 na 2019, na mbu wake anapenda hasa vyombo vidogo vya namna hiyo.

Vyura hutumbukia usiku na kushindwa kupanda ukuta wima. Weka ubao uliolala kutoka majini hadi ukingoni. Mayai yao, yale mafungu kama ute, yaopoe asubuhi hiyo hiyo.

Nilijaza kwa maji ya kisima, nikaweka klorini, yakawa ya kahawia.

Hayo ni madini ya chuma. Yalikuwamo tangu kisimani bila rangi, na klorini imeyageuza kutu. Usiongeze klorini nyingi kwa haraka, yatashika ukutani kama madoa. Yachuje mfululizo siku 2 au 3, ukiosha filta mara kwa mara, au tumia shabu kama ilivyoelezwa juu. Ukiongeza maji siku zijazo, yapitishe kwanza kwenye tangi, yapige hewa, yatulie siku nzima.

Chemba ya pampu imefurika. Niiwashe nikishakausha?

Hapana. Zima kutoka swichi kuu, mota ifunguliwe na fundi, ikaushwe, ipimwe kabla ya kuunganishwa. Saketi ya pampu iwe na swichi ya kinga ya mshtuko ya miliampea 30. Kwa siku zijazo, inua pampu juu ya tofali mbili na toboa njia ya maji kutoka chemba.

Sisi tuko Nairobi, na jamaa zetu Arusha. Je, ni hivyo hivyo?

Kwa sehemu. Julai maji yenu yanaweza kushuka chini ya nyuzijoto 20, mwani hupunguza kasi, na klorini hudumu zaidi. Punguzeni dawa hadi nusu na pampu hadi saa 3, lakini endeleeni kupima. Jua likirudi Septemba maji hupata joto haraka, na bwawa lililosahauliwa hugeuka ghafla.

Naweza kuacha dawa na kuweka perege ili wale viluwiluwi?

Watakula, lakini hilo sasa ni bwawa la samaki. Kinyesi chao hulisha mwani, ukoga hushika vigae, na kulirudisha kutakugharimu kuliko dawa za miezi 6. Klorini nayo itawaua.

Naishi nje ya nchi, nyumba anaiangalia msimamizi. Nimwachie maelekezo gani?

Machache, kwa vipimo vya vyombo, si vya gramu. Pima mwenyewe kopo moja la unga kwa mizani, chora mstari, mwambie "mpaka hapa, jioni ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa". Kopo la unga lisikae na tembe. Akutumie picha 3 kila Jumamosi: kipimo cha rangi kikiwa mbele ya karatasi nyeupe, geji ya filta, na shimo la kutolea maji sakafuni likipigwa picha akiwa amesimama upande wa kina kirefu. Ile ya tatu ndiyo utakayoiangalia zaidi. Matundu ya kifuniko chake yakionekana moja moja, bwawa liko salama. Yakianza kuungana kuwa doa moja, mpigie simu siku hiyo hiyo, aanze na brashi nyuma ya ngazi.